Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Mcheza Chuoni?

Ikifika Jumapili, katika nyumba nyingi za nchi hii mazungumzo ya mezani hayakosi kugusa kandanda. Baba ni wa Simba, mama ni wa Yanga, watoto wamegawanyika, na mgeni hulazimika kuficha rangi zake mpaka ashibe kwanza. Hapana ubaya katika hayo. Lakini ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: je, jana chuo cha ualimu kilicho jirani yetu kilicheza na nani, na matokeo yalikuwaje? Michezo ya vyuo vidogo haina tiketi, haina mtangazaji wa redio, wala haina mashabiki wa kugombana. Watazamaji wake ni wanafunzi wenyewe, mpishi aliyetoka jikoni na mwiko mkononi, na watoto wa jirani waliopanda ukutani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wachezaji wa michezo hiyo isiyotazamwa. Kwa miaka miwili nililinda mlango wa timu ya kandanda katika chuo nilichosomea stashahada ya uandishi wa habari, na katika muda huohuo nikacheza mpira wa kikapu. Mikono yangu haikunifikisha katika ligi yoyote. Leo inashika kalamu tu. Kwa sababu hiyo naamini naweza kuisema michezo hiyo pasipo majivuno ya bingwa, na pasipo uchungu wa mtu aliyeahidiwa ubingwa akaukosa.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la mzazi. Hivi karibuni mdogo wangu wa kike, anayesomea ualimu katika chuo kimoja cha mkoani, alipiga simu nyumbani kuomba mambo mawili: ruhusa ya kujiunga na timu ya kandanda ya wasichana, na fedha za kununulia viatu vya njumu. Mama aliogopa mguu kuvunjika. Baba, ambaye amesomesha watoto watano kwa mshahara wa kazi ya reli, aliogopa ada kupotea bure. Aliniita, akaniketisha, akasema: "Mwanangu, wewe ndiye uliyecheza. Hebu nieleze, ulipata nini?"

Ni swali la haki, na wazazi wengi wanajiuliza hivyohivyo. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto akasome ana haki ya kujua kwa nini mtoto huyo anakimbia na mpira saa kumi alasiri.

Michezo Iliyozaliwa Chuoni

Nilianza kumjibu baba kwa historia, kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba michezo huanzia katika viwanja vikubwa kisha makombo yake yakaangukia vyuoni. Mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Desemba 1891, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alikuwa akifundisha katika chuo kidogo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mkuu wake alimwagiza abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya ukumbi wakati wa baridi, kwa darasa la wanafunzi 18 waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Naismith alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye kibaraza cha juu cha ukumbi, akaandika sheria 13, akawagawa wanafunzi wake tisa kwa tisa. Kibaraza kile kilikuwa na kimo cha futi 10, yaani mita 3.05, na mpaka leo pete ya mpira wa kikapu hutundikwa katika kimo hichohicho duniani kote. Mchezo unaotazamwa sasa na mamilioni ya watu ulitokana na tatizo la mwalimu mmoja na darasa moja.

Kandanda nayo, katika pwani yetu, haikuletwa na vilabu. Miongoni mwa mahali pa kwanza ilipochezwa ni Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Zanzibar, katika karne ya 19. Chuo hicho kiliendeshwa na wamisionari wa UMCA, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walisomea ualimu na kazi ya kanisa, na baadhi yao walitumwa kufundisha bara, Magila na Masasi. Mwalimu akihama, mchezo alioupenda huhama pamoja naye. Kwa hiyo mtu anayeuita mpira wa chuoni "mchezo wa pembeni" anafanana na mtu anayekunywa maji ya mto huku akiidharau chemchemi.

Uchache Una Faida Yake

Chuo chetu kilikuwa na wanafunzi wasiofika 300. Kandanda inataka watu 11 uwanjani na wengine wa akiba. Mpira wa kikapu unataka watano, na orodha ya 12 hutosha kabisa. Ukiwatoa wagonjwa, wavivu na waliokatazwa na wachumba wao, utaona kwamba watu haohao iliwabidi kucheza michezo yote miwili. Mimi nilichukuliwa na timu zote mbili kwa sababu moja tu: nilikuwa mrefu.

Katika chuo kikubwa asiye hodari huishia kuwa mtazamaji. Kwetu asiye hodari alihitajika, na kwa kuwa alihitajika, alijifunza. Nilikuta kwamba mlinda mlango aliyezoea kuupima mpira ukiwa hewani hapati taabu sana kuudaka chini ya pete. Na wepesi wa miguu nilioupata katika uwanja wa kikapu ulinisaidia nilipotoka golini kumkabili mshambuliaji. Hakeem Olajuwon wa Nigeria, ambaye wajuzi wa mpira wa kikapu wanaisifu mno miguu yake, alikuwa mlinda mlango wa kandanda mjini Lagos kabla hajawa bingwa wa mchezo huo Marekani.

Kama ningeulizwa ni upi kati ya michezo hiyo miwili unaofaa zaidi chuo kidogo, ningechagua mpira wa kikapu, ingawa moyo wangu ni wa kandanda. Uwanja wake ni mita 28 kwa 15 tu. Unaenea mahali ambapo hata nusu ya uwanja wa kandanda haienei. Sakafu ya saruji ikimwagwa vizuri, na nguzo mbili zikasimikwa barabara, vizazi vingi vya wanafunzi vitacheza hapo. Tena katika kandanda mzembe anaweza kujificha winga ya kushoto kwa dakika 90, na mwalimu asimwone. Katika mpira wa kikapu, wachezaji wakiwa watano tu, hakuna pa kujificha. Mwenzako akichoka unamwona, akikasirika unamsikia, akikosea unalipa pamoja naye papo hapo.

Kombe la Kuazima

Sasa nieleze jambo linalonikera hadi leo. Mwaka 2011 chuo chetu kilialikwa katika mashindano ya vyuo kadhaa, ya siku tano. Tulikuwa tumefanya mazoezi kwa miezi minne, alfajiri kabla ya vipindi, kwa viatu vya kupokezana. Siku mbili kabla ya safari, tulipanga foleni kugawiwa jezi, tukawakuta watu watano wageni wamekwisha kupewa zao. Walikuwa mamluki, waliochukuliwa kutoka timu za ligi ya mkoa na kuandikwa majina ya wanafunzi. Mmoja wao alikuwa mlinda mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mpole, hodari wa kweli, ambaye hakujua hata lango la chuo chetu linatazama upande gani. Mimi nilipewa jezi ya akiba.

Sikumchukia yeye, alikuja kutafuta riziki. Nilishangazwa na watu wazima waliotufundisha asubuhi kwamba mwandishi wa habari hana mali ila ukweli, kisha jioni wakatutaka tumwite mgeni yule kwa jina la mwenzetu aliyebaki bwenini.

Timu ya kandanda ilichukua kombe. Filimbi ya mwisho ilipolia, wageni wetu walilipwa, wakapanda basi la kwanza. Katika picha iliyopigwa siku ile kuna nyuso ambazo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuzitaja majina. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Na kombe lile liliwekwa katika kabati la ofisi, bila mtu kulisimulia kwa furaha, maana kila aliyelisimulia ilibidi aanze kwa uongo.

Timu ya mpira wa kikapu haikuongezewa mamluki. Sababu haikuwa uadilifu. Fedha ziliishia kwenye kandanda, na hapakuwa na aliyeujali mchezo ule. Tulikwenda wanafunzi tisa halisi. Tulifungwa michezo mitatu, tukashinda mmoja, kwa pointi moja tu, nasi tukashangilia mpaka mwamuzi akatuomba tuondoke uwanjani ili wengine wacheze. Miaka mitatu iliyopita mmoja wa wale tisa alifiwa na mkewe. Nilipofika msibani niliwakuta wenzangu watatu wa timu ile, kila mmoja ametoka mkoa wake, pasipo yeyote kumwita mwenzake. Tulibeba jeneza pamoja. Katika timu ya kandanda iliyochukua kombe, sijui aliko hata mmoja wa wale watano.

Nilimwambia baba: hicho ndicho nilichopata. Nilipata watu.

Goti la Mwenzetu

Baba hakuridhika haraka, na alikuwa na haki. Aliniuliza juu ya kuumia, nami sikutaka kumficha.

Winga wetu wa kulia, kijana mwepesi mithili ya swala, aliingia katika shimo la uwanja tulipokuwa tukicheza mchezo wa kirafiki. Goti lilizunguka, yeye akabaki pale pale. Hapakuwa na machela. Tulimbeba juu ya benchi la darasani. Hapakuwa na barafu wala bandeji. Kano ya goti ilikuwa imekatika, na matibabu yake yalizidi uwezo wa nyumbani kwao. Chuo kilijibu kwamba fungu la michezo halikuwa na kasma ya matibabu, na kwamba mwanafunzi alicheza kwa hiari yake. Tulipitisha mchango bwenini; kilichopatikana kilitosha nauli na picha ya mionzi. Alirudi nyumbani, akapoteza mwaka wa masomo. Leo anafanya kazi nzuri, lakini akipanda ngazi anaanza na mguu wa kushoto.

Neno lile, "kwa hiari yake", sijalisahau. Kombe likija ni la chuo, goti likivunjika ni la mwanafunzi! Kama mcheza kwao hutunzwa, basi nani amtunze mcheza chuoni? Hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya katika jambo lile. Palikosekana utaratibu, na penye upungufu wa utaratibu mnyonge ndiye hulipa.

Ndoto Isizidi Kimo

Kuna hatari nyingine, nayo ni ndoto. Tulipokuwa chuoni, kila kijana mrefu aliyeshika mpira wa kikapu aliambiwa: "Utakuwa Hasheem Thabeet." Ni kweli kwamba kijana huyo wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, alikwenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya waliosajiliwa na timu za ligi kuu ya Marekani. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Twajivunia jambo hilo. Lakini Thabeet ana kimo kinachozidi mita 2.2, mimi mwenye mita 1.88 niliambiwa maneno yaleyale, na wapo walioyaamini hadi wakaacha kufanya mitihani.

Chuo kidogo nacho huweza kutoa bingwa. Scottie Pippen aliingia Chuo Kikuu cha Central Arkansas mwaka 1983 akiwa msaidizi wa kutunza vifaa vya timu. Mwaka 1987 alichaguliwa wa tano nchini kwake, kisha akashinda ubingwa mara sita pamoja na Chicago Bulls. Kisa hicho ni kitamu, na kitamu huleweshwa nacho. Kwa kila Pippen mmoja wako maelfu waliotunza vifaa na wakabaki watu wa kawaida, nao hawakukosea kucheza.

Hukohuko Marekani kuna jambo lililo bora kuigwa kuliko kisa cha bingwa. Tangu mwaka 1973 vyuo vyao vingi vidogo vimekuwa katika daraja la tatu la mashindano ya vyuo, na kanuni yake kubwa ni kwamba hakuna mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa sababu ya uhodari wa michezo. Vyuo zaidi ya 400 viko katika daraja hilo. Kijana huingia kwa masomo, kisha hucheza kwa kuupenda mchezo. Hapo hakuna anayedanganywa kuhusu sababu ya kuwapo kwake chuoni.

Nasi tunao mfano wetu. Leodegar Tenga, nahodha wa timu yetu ya taifa iliyocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980, alikuwa mhandisi aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akawa rais wa shirikisho la soka la nchi hii. Tulisubiri miaka 39, hadi mwaka 2019, kucheza tena fainali hizo. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurejeshwa. Sisi tuliokuwa watoto wakati huo twajua ladha ya shule isiyo na filimbi: saa kumi ikifika, mpira wa makaratasi unachezwa barabarani, na mwalimu hayupo.

Binti Naye Acheze

Kwa mdogo wangu swali lilikuwa zito zaidi, kwa sababu ni msichana. Shangazi mmoja alisema kandanda humharibia binti umbo. Nilimjibu kwa adabu kwamba shangazi mwenyewe, ujanani, alibeba ndoo ya maji kichwani kilometa tatu kila siku, na hapana aliyeuliza habari za umbo lake. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia nchini India. Waliwafunga Ufaransa mabao mawili kwa moja, wakafika robo fainali. Wale ni mabinti wa nyumba kama zetu.

Isitoshe, mdogo wangu anasomea ualimu. Kesho atapewa darasa la watoto sitini, na katika hao watakuwamo wanaoelewa kwa miguu kabla hawajaelewa kwa vitabu. Mwalimu asiyewahi kuvaa jezi atawafundisha nini?

Baba alifikiri siku mbili. Kisha aliagiza aletewe ratiba ya vipindi na ya mazoezi, aone kama zinagongana. Akaagiza pia binti aonyeshe kadi yake ya bima ya afya kabla ya kugusa mpira. Alipotosheka, alikwenda mwenyewe sokoni kununua njumu, akachagua zilizo kubwa kidogo, "kusudi zidumu," kama kwamba mguu wa mtu wa miaka ishirini na mmoja bado unakua.

Ushauri Wangu

Wakuu wa vyuo nawaomba mambo matatu. Kwanza, anayevaa jezi ya chuo awe mwanafunzi wa chuo. Orodha ya wachezaji ilinganishwe na daftari la mahudhurio, na chuo kinacholeta mamluki kiondolewe mashindanoni bila kuonewa haya. Pili, kabla ya kununua jezi mpya, jazeni mashimo ya uwanja, nunueni machela na sanduku la huduma ya kwanza, na hakikisheni kila mchezaji ana bima. Jezi kuukuu haijapata kumlemaza mtu. Tatu, wapeni wasichana saa zao uwanjani. Msiwaachie dakika zinazobaki giza likiingia.

Kwa wazazi, naomba msiulize tu, "Umeshinda?" Ulizeni pia, "Umecheza na nani, na nani anawaangalia?" Mzazi anayeijua timu ya mwanawe anawajua rafiki zake, na anayewajua rafiki zake amekwisha kufanya nusu ya kazi ya malezi.

Nanyi vijana wa vyuo vidogo, chezeni. Fanyeni mitihani yenu, mle mshibe, mlale mapema, kisha mcheze kwa nguvu zote mbele ya mpishi na watoto wa ukutani. Wengi wenu hamtaitwa timu ya taifa. Lakini kumbukeni majina ya wenzenu wote waliomo katika picha, kwa maana iko siku mtahitajiana.